Sokoni Kabla Jua Halijatoka: Mwongozo Kamili wa Kuandika Maelezo Yanayoonekana

Soma kwanza aya hii. Niliiandika miaka mingi iliyopita, kwenye hadithi yangu ya kwanza:

"Soko la samaki lilikuwa kubwa sana na lilikuwa na watu wengi. Kulikuwa na kelele nyingi na harufu mbaya. Wavuvi walikuwa wakiuza samaki wa aina mbalimbali. Mama Rehema alihisi huzuni alipoingia sokoni."

Sarufi haina kosa. Mhariri niliyempelekea aliizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni neno moja: "Sioni." Nilinuna siku mbili tatu, kwa sababu soko lenyewe nilikuwa nalijua. Ni lile la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam, ambako nilikuwa nikitumwa vibua tangu nikiwa mdogo. Siku ya tatu niliisoma tena aya yangu nikakuta lile soko halimo. Lingeweza kuwa soko la Mwanza, la Mombasa au la Bujumbura. Futa "samaki", weka "nyanya", badala ya wavuvi weka wakulima, na hakuna kinachotikisika.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mpaka leo. Badilisha nomino kuu ya aya yako. Ikiwa maelezo yanakaa vilevile, bado hujaeleza kitu. Sasa tuitengeneze aya hii pamoja, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Nenda ukakae

Maelezo huharibika kabla kalamu haijagusa karatasi, pale mwandishi anapokaa mezani akakumbuka soko kwa ujumla. Kwa ujumla kila soko lina watu wengi na kelele. Kwa hiyo nenda. Feri inafaa ufike saa 11 alfajiri, vyombo vikiwa vinaingia. Chagua mahali pamoja ukae nusu saa bila kuzungukazunguka. Andika maneno matupu, usiandike sentensi, maana ukianza kutunga tu, macho yanaacha kutazama na kuanza kusoma ulichoandika.

Nina maswali manne ninayoyaandika juu ya ukurasa kabla sijaanza. Mikono inafanya nini? Miguu inakanyaga nini? Sauti ipi haikatiki, na ipi imekuja mara moja tu? Na la mwisho, ambalo ndilo lenye dhahabu: kuna kitu gani hapa ambacho nisingekitarajia?

Hii ni sehemu ya daftari langu la asubuhi moja:

buti la mpira, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli / magamba yamenata kiwikoni / dalali anataja bei hamtazami mtu / maji yanapita chini ya meza za saruji / honi ya pantoni ya Kigamboni, mara moja / mama amekalia ndoo aliyoipindua / mwanafunzi, sare imepigwa pasi, amesimama kwenye maji machafu, viatu ameshika mkononi.

Huyo mwanafunzi nisingemtunga. Nikiwa nyumbani ningeandika watoto wanaokimbizana, kama wanavyokimbizana kwenye kila hadithi ya sokoni.

Usione haya kuuliza. "Hiki mnakiitaje?" ni swali ambalo halijawahi kunikasirishia mtu. Mara nyingi anayejibu huongeza na hadithi ya kile kitu, bure.

Na kama mahali penyewe hapapo tena, mathalani nyumba ya bibi iliyobomolewa? Usijilazimishe kuona picha nzima. Anza na mwili wako wa wakati ule. Kimo chako kilifika wapi? Komeo la mlango lilikuwa juu ya kichwa chako au usawa wa kifua? Ulisukuma kwa kiganja au kwa bega? Ukilipata komeo, ukumbi wote hufuata, na baraza, na mkeka uliokunjwa ukutani.

Hatua ya 2: Kitu kiitwe kwa jina lake

"Samaki wa aina mbalimbali" ni lugha ya taarifa ya mwaka. Hakuna mtu aliyewahi kuona aina. Anachoona ni changu mwekundu, pweza aliyelegea ukingoni mwa meza, taa aliyetandazwa kama mkeka, kibua ambaye mgongo wake bado unang'aa. Tena jina hubeba zaidi ya umbo. Anayeulizia kibua, samaki wa bei ndogo, na anayeulizia nguru, wa bei kubwa, hawana mfuko mmoja. Ukisema Mama Rehema alisimama mwisho wa meza penye vibua, umeshaeleza pochi yake bila kuifungua.

Jina pia lifuate umbali wa jicho. Usiku, baharini, kinachoonekana ni taa tu ya chombo. Kikisogea, unajua ni ngalawa kwa ile mirengu yake ya pande mbili, au ni mashua. Kikifika ufukweni unaona kiraka kwenye tanga. Mwandishi anayeanza na kiraka wakati chombo bado kiko mbali amemwambia msomaji kwamba hakuwapo.

Sehemu za chombo zina majina mazuri mno: mlingoti, foromali, demani, omo, tezi. Kishawishi ni kuyamimina yote. Mimina moja, na jina hilo lifafanuliwe na kazi linayofanya: "Akalegeza demani, tanga likapoteza upepo, mashua ikapunguza mwendo." Msomaji wa Dodoma ambaye hajawahi kupanda chombo anaelewa kwamba demani ni kamba inayoshikilia tanga. Hukumwekea mabano wala hukumsimamisha njiani kumfundisha. Ukipanga majina matano kwenye mstari mmoja, msomaji anaona kamusi, haoni bahari.

Majina yafuate na mji wa hadithi. Kile kinachoitwa bajaji Dar es Salaam, Mombasa ni tuktuk. Msomaji wa Mombasa atakuamini au hatakuamini kwa neno hilo moja.

Hatua ya 3: Mzigo aubebe kitenzi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapompa mwandishi utajiri ambao wengi tunaupita bila kuuokota.

Vivumishi vyetu asilia si vingi. Hata kwenye rangi, zile zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezitoa kwenye vitu: kijani kwenye majani, manjano kwenye bizari, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake, kijivu kwenye jivu. Bibi zetu waliendelea: rangi ya maji ya kunde, rangi ya ugoro, damu ya mzee. Nimewasikia watu wakiuita huu upungufu. Kwangu ni msaada mkubwa, kwani lugha yenyewe inamlazimisha mwandishi ashike kitu mkononi kabla ya kutaja rangi. Ukihitaji rangi ya yale maji ya chini ya meza, usitafute kivumishi. Tafuta kitu kilichopo palepale: maji ya rangi ya chai iliyopozwa kwa kumwagiwa kikombe kwa kikombe. Muuza chai yupo hatua tano kutoka hapo.

Kazi ambayo vivumishi havikufanya, imefanywa na vitenzi. Chukua "kwenda". Anayechechemea ana mguu mbovu. Anayenyata ana siri. Anayejikongoja ana umri au ana ugonjwa. Anayepepesuka amelewa, au hajala tangu jana. Chukua "kula": kumumunya ni kwa asiye na meno, au kwa anayetaka utamu usiishe haraka, kufakamia ni kwa mwenye njaa, kudonoa ni kwa aliyeletewa chakula akiwa na jambo moyoni. Kila kimoja ni mtu kamili. Ukiandika "alitembea polepole na kwa shida" umetumia maneno matano kufanya kazi ya "alijikongoja", na bado hujaonyesha magoti yake.

Sasa fanya hivi kwa aya yako: pigia mstari kila "kuwa" na "kuwa na". Kwenye ile ya kwangu nilikuta minne katika sentensi nne. Si kwamba ni marufuku. Kuna mahali "palikuwa kimya" ndiyo sentensi inayotakiwa. Lakini kila mstari ujibu swali: hawa watu wengi, wakiwa wengi, wanalazimika kufanya nini? Pale Feri wanalazimika kupitisha ndoo juu ya vichwa. Basi andika "ndoo zilipitishwa juu ya vichwa" na uache wingi ujihesabu wenyewe.

Njeo, yaani nyakati na hali za kitenzi, nazo ni vifaa vya kuchora. Kiambishi -me- husimamisha mwili: amejitwika, ameinama, amekunja uso. Kiambishi -na- huutembeza. Kiambishi -ki- hufungua pazia la nyuma, kama katika "jua likichomoza", "mvua ikinyesha". Kiambishi -ka- husukuma tukio hata msomaji akakosa pumzi. Ninayo kanuni ndogo niliyoipata kwa kuwatazama wanaokaanga samaki: hali mbili, mwendo mmoja. "Amejifunga khanga kiunoni, ameinama juu ya karai, anageuza vibua kwa kijiti." Hali mbili zinamjenga mama yule, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kijiti kwa sababu ndicho pekee kinachosogea. Ukiweka mienendo mitatu, jicho halijui pa kutua. Ukiweka hali tatu, umechora sanamu.

Usisahau kauli na urudufu. "Walisukuma" na "walisukumana" ni vituo viwili tofauti vya daladala. "Analia" ana msiba. "Analialia" anatafuta wa kumbembeleza. Kuna pia ule ukubwa na udogo wa ngeli: nyumba, kijumba, jumba, mzee, kizee, mbwa, jibwa. Hapo si kipimo cha sentimita tu. Kiambishi kimebeba hukumu ya anayetazama, kwa hiyo kabla hujaandika "kizee" hakikisha ni mhusika wako anayedharau, na kwamba hiyo dharau si yako wewe.

Hatua ya 4: Pua, sikio, ulimi

"Harufu mbaya." Ya nini? Kiswahili kinazo harufu zenye majina yake. Shombo ni ya samaki. Kutuzi ni ya kwapa. Uvundo ni wa kitu kilichofungiwa au kuoza. Mtu anayeijua shombo haiiti mbaya moja kwa moja. Kwa mvuvi ni harufu ya ada ya shule ya watoto. Ukiandika "mbaya" umeshachukua upande wa mpita njia mwenye leso puani.

Harufu haielezeki vizuri hewani. Itafutie mahali ilipoganda. Shombo hukaa kwenye nywele, kwenye kiti cha daladala ya asubuhi, na zaidi ya yote kwenye noti. Noti iliyopita Feri unaijua ukiwa Mbagala.

Kwenye sikio tunazo tanakali za sauti. Kitu kizito huanguka pu, jiwe hutumbukia majini chubwi, mtu huanguka matopeni tapwi. Kisha kuna zile zilizoolewa na neno moja kabisa: nyeupe pe, nyeusi tii, giza totoro, kimya jii, kujaa pomoni, kulala fofofo. Hizi za pili ni tamu, ila zimetumika sana. Zitumie kwenye mazungumzo ya wahusika, ambako zinasikika kama watu wanavyosema. Kwenye usimulizi wako tanakali moja inatosha aya nzima, na iwekwe pale ambapo kitu kinakatika. Kumekuwa na mnada, watu wanabishana, halafu pu: jodari ameshushwa mezani, na kelele inakatika. Ukiweka tatu mfululizo, utakuwa umegeuza soko kuwa mchezo wa watoto.

Ulimi una kazi chache, lakini ukipata nafasi ya kutumia neno "ukakasi", usiipoteze.

Hatua ya 5: Macho ni ya nani?

Hakuna soko linalojitazama lenyewe. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, jibu: nani anatazama, na amekuja kufanya nini? Hapa ni mahali pamoja, saa ileile, kwa macho matatu.

Mtoto aliyeandamana na baba yake: "Meza zilikuwa juu. Aliona mikia tu ikining'inia ukingoni, na maji yakidondoka tone kwa tone kwenye vidole vyake vya miguu. Alihesabu matone ili asihesabu watu."

Mkusanya ushuru: "Meza kumi na mbili. Mbili zimefunikwa turubai, na chini ya moja kati ya hizo kuna miguu."

Mama aliyekuja na pesa pungufu: "Kila mkono ulikuwa na noti. Hajawahi kugundua kuwa watu hushika pesa kwa namna nyingi hivi: katikati ya vidole, ndani ya ngumi, chini ya kidevu huku mikono yote miwili ikinyanyua ndoo."

Hakuna hata mmoja aliyetaja anachohisi. Mtoto anaogopa, mkusanya ushuru ananusa wizi, mama ana aibu. Vyote vimo kwenye walichochagua kukitazama. Ndiyo maana "alihisi huzuni" ilikuwa sentensi dhaifu kuliko zote katika aya yangu. Mwenye huzuni huwa haioni huzuni yake. Anaona noti za wenzake.

Tashbihi nazo zitoke kwenye mikono ya huyo anayetazama. "Mweupe kama theluji" inashangaza kutoka kwa mwanamke wa Kigamboni ambaye hajawahi kuigusa. "Macho kama gololi", "meno kama maziwa", "mrembo kama malaika" zilikuwa nzuri alipozisema wa kwanza. Mvuvi hulinganisha kwa nyavu na upepo. Fundi cherehani anauona mkondo wa maji kama mshono uliofumuka. Mpishi anasema ukungu umetanda kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa kabla ya wali kuiva. Kama hujui mhusika wako anafanya kazi gani, hutapata tashbihi yake, na hapo tatizo lako haliko kwenye maelezo.

Hatua ya 6: Saa, mwanga, upepo

Hii ni fupi. Kiswahili kimegawa siku vizuri, tumia ulichopewa: alfajiri, majogoo, adhuhuri, alasiri, magharibi, usiku wa manane. Kila moja ina kivuli chake. Jua la utosi huacha kivuli kidogo mno, kwa hiyo kwenye hadithi ya adhuhuri usimfiche mtu kivulini mwa mlingoti. Na bahari ya Julai, kusi likivuma, si bahari ya Januari ya kaskazi. Mwandishi aliyeichanganya hukamatwa na msomaji wa kwanza wa pwani.

Hatua ya 7: Panga upya, kata, soma kwa sauti

Ukiwa na vitu ishirini daftarini, chagua vitano. Kigezo changu ni kimoja: kitu kibaki ikiwa mhusika anakigusa, anakikwepa au anakitamani. Kinachobaki nyuma yake kama pambo, hata kiwe kizuri namna gani, kitoke.

Maelezo yapande juu ya tendo. Usiisimamishe hadithi aya mbili ili kuchora soko kisha ukaita "sasa turudi kwa Mama Rehema". Mtembeze yeye, na soko limguse akipita.

Halafu soma kwa sauti, umesimama. Kiswahili kina mizani yake hata kwenye nathari, na sentensi mbili zenye urefu sawa zikifuatana mara nne, sikio huanza kusinzia. Weka fupi baada ya ndefu. Palipokukwama ulimi, hapo kuna neno la ziada.

Hii ndiyo aya yangu baada ya hatua zote:

"Mama Rehema alivua kandambili, akazishika mkononi, akakanyaga maji yaliyopita chini ya meza za saruji. Ndoo zilipitishwa juu ya kichwa chake. Dalali alitaja ishirini na nane, akataja thelathini, bila kumtazama mtu, na kila alipotaja mkono mmoja uliteremka. Mwisho wa meza vibua wametandazwa, migongo bado inang'aa. Alifungua fundo la pindo la khanga. Noti mbili za elfu kumi, laini, zina shombo ya jana. Akalifunga tena fundo. Honi ya pantoni ikalia, watu wakageuka, yeye hakugeuka. Aliipindua ndoo yake, akaikalia."

Neno "huzuni" limeondoka, na neno "kubwa", na neno "wengi". Buti lililofungwa kwa tyubu nimeliacha, kwa sababu Mama Rehema hana haja nalo. Magamba ya kiwikoni nayo nimeyaacha. Aliyeniuma kumwacha ni yule mwanafunzi. Nilimwingiza mara mbili, na mara zote mbili alimpokonya Mama Rehema macho ya msomaji, nikamtoa. Lakini viatu vyake mkononi nilivihamishia kwa mama.